Kijiko Kinakuja Mwisho: Mwongozo wa Kumrudisha Mezani Aliyeumia Shingo

Swali linalorudi kwangu ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika: "Tumemnunulia kijiko chenye mpini mnene, tumekifunga na bandeji, mbona bado kinaanguka?"

Kinaanguka kwa sababu mpini mnene humfaa mtu ambaye vidole vyake vinafumba ila vimepungukiwa nguvu, kama mwenye baridi yabisi. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, mara nyingi vidole vyake havifumbi kabisa. Hata ukinenepesha mpini kiasi gani, hakuna cha kuushika. Yeye anahitaji kijiko kivaliwe mkononi, kifundo cha mkono kishikiliwe, kiwiko kipate pa kuegemea na sahani itulie. Familia nyingi huanza na kijiko, na ndipo zinapokwama. Hapa tutaanza na kiti, na kijiko kitakuja mwisho.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado anaweza kukunja kiwiko mwenyewe, hata kama kwa shida. Kwenye karatasi zake za hospitali kwa kawaida utakuta C5, C6 au C7, yaani namba za sehemu ya uti wa shingo iliyoumia. Kama bado amevaa kola ngumu ya shingo, ana tundu la kupumulia kooni, au anapaliwa hata na mate yake, usianze. Mpeleke kwanza akapimwe kama anameza salama.

## Vifaa vya kuandaa

Usisubiri vitu vya dukani kutoka nje. Karibu vyote vinapatikana kwa fundi viatu, duka la vifaa vya ujenzi na jikoni kwako.

Kwa mkanda wa kiganja, ule utakaoshikilia kijiko mkononi:
- ngozi laini au ukanda wa begi, upana sentimita 4, urefu kama sentimita 30
- kipande kingine cha ngozi hiyohiyo, sentimita 8 kwa 4
- velkro, kama sentimita 15
- pete moja bapa ya begi
- kitambaa cha pamba cha kuweka kwa ndani

Kwa banzi, yaani kipande kigumu cha kushikilia kifundo cha mkono, likihitajika:
- kipande cha bomba la PVC la inchi 3, lile jembamba la maji taka
- msumeno, msasa, sufuria pana, plaizi
- sponji nyembamba, kitambaa cha pamba, vipande vya velkro

Kwa mezani:
- vijiko viwili vya chuma vya ukubwa wa kati (kimoja cha akiba, maana utakipinda)
- sahani yenye kuta, au bakuli pana la kina kifupi
- taulo dogo, au kipande cha tyubu ya baiskeli
- kikombe chenye sikio kubwa, na mrija mrefu
- meza ambayo kiti cha magurudumu kinaingia chini yake

Vile vijiko vyepesi vya plastiki vya kutupa viache. Misuli ya taya ikikaza ghafla, kijiko hicho huvunjika mdomoni.

## Hatua ya 1: Pima mkono ulivyo leo

Fanya majaribio haya matatu akiwa amekaa, asubuhi, hajachoka. Pima mikono yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja una nguvu kuliko mwingine.

Kiwiko. Mwambie alete mkono mdomoni. Akifika, hata kwa kurusha bega, endelea. Asipofika kabisa, ruka hadi sehemu ya mwisho kuhusu mkono usioinuka.

Kifundo cha mkono. Laza mkono wake juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kisha mwambie ainue kiganja huku mkono ukibaki mezani. Akiweza, ana hazina kubwa sana na hahitaji banzi. Asipoweza, kiganja kikiwa kinaning'inia tu, banzi ni lazima.

Kunyoosha kiwiko. Mwambie anyooshe mkono kwenda juu. Akiweza, ataweza kufikia sahani iliyo mbali kidogo. Asipoweza, kila kitu kikae karibu na kifua.

Andika majibu na tarehe kwenye daftari. Mkono hubadilika, hasa mwaka wa kwanza baada ya ajali, na kifaa kinachofaa leo kinaweza kuwa kizuizi baada ya miezi michache. Nimeona watu wakiendelea kufungwa banzi ambalo hawalihitaji tena, kwa sababu tu hakuna aliyerudia kupima.

Kuhusu mkono upi utumike: kama wa kulia unafika mdomoni, hata kama ni dhaifu kidogo, anza nao. Kwetu kula kwa mkono wa kushoto kunawapa watu uzito, na mlaji mwenyewe anaweza kuona haya mbele ya wageni. Lakini kama wa kushoto ndio pekee unaofanya kazi, utumike bila kusita. Kwa Waislamu, mwenye udhuru hana lawama. Jambo hilo liseme wazi mbele ya familia mapema, asije akaacha kula kwa aibu.

## Hatua ya 2: Mkalishe, kisha pandisha meza

Nyonga ziingie hadi nyuma kabisa ya kiti. Miguu ikae juu ya vikanyagio, magoti yalingane. Kama kiwiliwili kinaangukia mbele, mfunge mkanda mpana kifuani, usikaze hadi ukazuia pumzi. Mtu anayehofia kuanguka hutumia mikono kujishikilia, na mkono unaojishikilia hauwezi kula.

Meza iwe usawa wa kiwiko au juu kidogo. Kwa mwenye mabega dhaifu, pandisha hadi karibu na chuchu. Meza za nyumbani nyingi ni fupi kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Weka matofali chini ya miguu ya meza na uhakikishe haitikisiki.

Mkalishe wima dakika chache kabla ya chakula kuletwa. Walioumia shingo presha yao hushuka wanapotoka kulala, na mlo mkubwa huweza kuishusha zaidi. Akisema macho yanaingia giza, kiegemeze kiti nyuma na uinue miguu, kisha subiri.

Utajua imefaulu ukiona mikono yote miwili imelala mezani, mabega hayajapanda masikioni, na anaweza kugeuza kichwa kuzungumza nawe bila kuyumba.

## Hatua ya 3: Kipe kiwiko pa kuegemea

Hii ni hatua ndogo, lakini ndiyo inayorudisha matumaini haraka kuliko zote.

Kunja taulo liwe donge gumu la kimo cha sentimita 8 hadi 10, uliweke mezani upande wa mkono unaokula, karibu na ukingo. Kiwiko kikae juu yake. Sasa mlaji habebi tena uzito wa mkono mzima kwa bega, anakunja kiwiko tu, na kiganja kinapanda chenyewe kuelekea mdomoni.

Jaribu bila kijiko. Mkono ukifika kidevuni lakini si mdomoni, ongeza kimo. Ukipita hadi puani, punguza. Usimwambie ainamishe shingo kufuata mkono. Akizoea hivyo, shingo itauma na kumeza kutakuwa kugumu.

Mara donge likipatikana, lishonee kitambaa lisifumuke, na liweke chini kipande cha tyubu lisiteleze.

## Hatua ya 4: Banzi, kwa ambaye kifundo kinaning'inia

Kama kifundo kinainuka chenyewe, ruka hatua hii. Banzi kwa mtu huyo litamdhoofisha.

Pima kutoka sentimita moja chini ya mistari ya mizizi ya vidole hadi theluthi mbili ya mkono kuelekea kwenye kiwiko. Huo ndio urefu. Upana ni nusu ya mzunguko wa mkono. Kata bomba kwa vipimo hivyo, kisha upande wa kiganja upunguze na uache nafasi ya kidole gumba kuchezacheza. Piga msasa kingo zote hadi zisikwaruze shavu lako. Ndiyo, jaribu kwenye shavu, maana ngozi ya mlaji haitakuambia kitu.

Chemsha maji kwenye sufuria pana. Tumbukiza sehemu ya kifundo peke yake, ukishika upande wa pili kwa plaizi, hadi bomba lilainike. Usilichome motoni wala kwenye jiko la mkaa: PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Sasa sikiliza vizuri. Usiumbie banzi la moto kwenye mkono uliopooza. Hausikii joto, na utaunguza hadi nyama bila yeye kutikisika. Tafuta ndugu mwenye mkono wa ukubwa unaokaribiana, umzungushie taulo nene, uumbie hapo. Kifundo kiwe kimeinuka kidogo, kama nyuzi 20 hadi 30, mkao wa mkono unaoshika glasi. Shikilia hadi ligande, kisha litie kwenye maji baridi.

Bandika sponji ndani, funika kwa pamba, weka velkro mbili: moja juu kidogo ya kifundo, nyingine karibu na mwisho wa upande wa kiwiko. Kamwe usipitishe velkro nyembamba juu ya mfupa wa kifundo unaotokeza upande wa kidole kidogo. Mahali hapo huchubuka kuliko pengine pote.

Siku ya kwanza avae kwa dakika 20 tu, kisha livue uangalie ngozi. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu peke yake. Gusa: palipo na joto kuliko pengine, palipokuwa pagumu, au palipoiva rangi zaidi ya jirani yake, hapo panabanwa. Alama ikidumu zaidi ya nusu saa baada ya kuvua, banzi halivaliwi tena hadi lirekebishwe.

## Hatua ya 5: Shona mkanda wa kiganja

Huu ndio moyo wa kazi yote. Hospitalini utaona mikanda ya kununua, mizuri, lakini wa fundi viatu ukishonwa vizuri haupungui kitu.

Kupima. Zungusha kamba kwenye kiganja, chini ya vifundo vya vidole na juu ya panda ya kidole gumba. Ongeza sentimita 8. Kata ngozi kwa urefu huo. Kama anavaa banzi, pima akiwa amelivaa, kwa sababu mkanda utafungwa juu yake.

Mfuko wa kijiko. Vaa mkanda mkononi bila kushona na utie alama kwa kalamu: wapi kiganja kinaanzia upande wa kidole kidogo, na wapi kinaishia kwenye panda ya gumba. Kile kipande kidogo cha ngozi kishonwe kati ya alama hizo, kwa upande wa nje, pande tatu. Upande wa gumba uachwe wazi. Kijiko kitaingilia hapo, mpini ukilala kwa kukingama juu ya kiganja.

Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea: wanashona mfuko mpana ili kijiko kiingie kwa urahisi. Mfuko mpana hugeuza kijiko kikiwa njiani na mchuzi humwagikia mapajani. Mwambie fundi aweke mpini wa kijiko chenyewe ndani ya mfuko na ashone akiufuata, kukaza kabisa. Ngozi italegea kwa matumizi.

Kufunga. Pete ya begi ishonwe mwisho mmoja, upande wa nyuma ya kiganja. Mwisho wa pili upite ndani ya pete na kurudi kujibandika wenyewe kwa velkro. Velkro ya meno itazame nje, isikutane na ngozi ya mtu.

Kitanzi. Kwenye ncha ya mkanda shona kitanzi kikubwa, ambacho kidole gumba cha mkono wa pili kinaingia, au ambacho meno yanaweza kuvuta. Usikiache, hata kama leo unamvalisha wewe. Bila kitanzi atamsubiri mtu daima. Akikipata, iko siku atavaa na kuvua mwenyewe, na ninyi mtakuwa sokoni.

Kukaza. Kidole chako kimoja kipite kwa kubanwa kidogo kati ya mkanda na kiganja. Vidole vikivimba au kubadilika rangi, legeza.

Utajua imefaulu ukiweka kijiko, ukakigonga kichwani kwa kidole chako, nacho kisizunguke wala kuteleza.

## Hatua ya 6: Pinda kijiko

Mvalishe mkanda, weka kijiko ambacho hakijapindwa, mwambie alete mkono mdomoni. Utaona kijiko kinapita mbele ya uso kikielekea upande wa pili, kama kinakwenda sikioni kwa jirani. Mtu mzima wa afya hurekebisha hilo kwa kugeuza kifundo na vidole bila kufikiri. Mlaji wetu hawezi, basi kijiko chenyewe ndicho kigeuke.

Shika shingo ya kijiko, pale kichwa kinapoungana na mpini, kwa plaizi mbili zilizofungwa kitambaa zisikwaruze chuma. Pinda kichwa kuelekea kwa mlaji, kidogo kidogo, kwenye mlalo uleule: usikiinue wala kukiinamisha. Anza na robo ya pembe mraba, umjaribishe, ongeza. Wengi huishia karibu nyuzi 45, wengine zaidi.

Baada ya kupata mwelekeo, tazama usawa. Kiganja kikiwa kimefika mdomoni, kichwa cha kijiko kiwe bapa kikitazama juu. Kikiinama mbele, usokote mpini kinyume chake kidogo.

Usipinde na kupindua mara nyingi mahali pamoja. Chuma huchoka na kukatika, na penye ufa pana makali. Ndiyo sababu nilisema vijiko viwili.

Utajua imefaulu ukitia maji nusu kijiko, akaleta mkono kwa mwendo wake wa kawaida, maji yakafika.

## Hatua ya 7: Tuliza sahani

Chini ya sahani weka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, au tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa ikalala bapa. Sahani isisogee unapoisukuma kwa kidole.

Kuta za sahani ndizo zinazofanya kazi ya kidole cha pili: mlaji anasukuma chakula hadi ukutani, kinapanda kijikoni chenyewe. Sahani bapa haina msaada huo. Kama hamna sahani yenye kuta, kata ukanda wa plastiki kutoka kwenye dumu safi la mafuta ya kula, kimo sentimita 4, upige msasa, uubane kwenye nusu ya ukingo wa sahani upande wa mbali na mkono unaokula.

Nyumba inayokula kwenye sinia moja isimtenge. Mpakulie sahani yake, lakini meza au jamvi la wengine lisogezwe alipo, si yeye kupelekwa pembeni.

## Hatua ya 8: Mlo wa kwanza

Anza na chakula kinachonata: viazi vya kuponda, mtori mzito, wali uliochanganywa na maharage yenye rojo. Wali mkavu hutawanyika, na supu humwagika, kwa hiyo ziache hadi mkono uzoee. Chakula kiwe vuguvugu. Kionje wewe kwa midomo yako, kwa sababu kiganja chake hakitamwonya.

Aanze mwenyewe akiwa na njaa, mwanzoni mwa mlo, vijiko vichache. Akichoka, mlishe kilichobaki bila maneno. Kesho ataongeza. Ukimlazimisha amalize sahani nzima siku ya kwanza, mabega yatauma na chakula kitapoa, naye ataanza kuchukia kifaa.

Kidevu kiwe kimeshuka kidogo anapomeza, si kutazama juu. Tonge moja limezwe lote kabla ya jingine. Akikohoa, simamisheni. Walioumia shingo mara nyingi hawana nguvu ya kukohoa kwa sababu misuli ya tumbo imepooza, kwa hiyo kila mtu anayekaa naye mezani afundishwe hospitalini namna ya kumsaidia kukohoa. Baada ya kula abaki amekaa angalau nusu saa.

Na wewe unayemsaidia, mikono yako iweke mapajani. Jambo gumu kuliko kushona mkanda ni kumtazama mume au mwanao akimwaga wali mara tatu bila wewe kunyakua kijiko. Mwekee kitambaa kifuani, utie kingine mapajani, umwache amwage. Ukitaka kusaidia, shika chini ya kiwiko kwa kidole kimoja, utoe msukumo mdogo, uondoe kidole mara tu mkono unapoanza kwenda wenyewe.

## Hatua ya 9: Ugali kwa vidole

Kwa ambaye kifundo kinainuka, habari ni njema: anaweza kula ugali kwa vidole vyake, bila kifaa chochote.

Kano zinazofunga vidole zinapita mbele ya kifundo cha mkono. Kifundo kinapoinuliwa kuelekea nyuma, kano hizo zinavutika, na vidole vinajikunja vyenyewe hata kama vimepooza, gumba likija kugusa ubavu wa kidole cha shahada. Kifundo kikishushwa, vidole vinafunguka. Hicho ndicho kiganja chake kipya, na kinafundishika.

1. Songa ugali mgumu kidogo kuliko kawaida, uache upoe hadi vuguvugu, uukate vipande vya tonge dogo.
2. Alegeze kifundo, vidole vifunguke juu ya kipande.
3. Abonyeze kidogo, kisha ainue kifundo. Vidole vitakamata.
4. Achovye kwenye mboga yenye rojo, kwenye bakuli lenye kuta lililotulizwa, alete mdomoni huku kifundo kikiwa bado kimeinuka.
5. Mdomoni ashushe kifundo ili tonge liachiwe.

Ajizoeze kwanza na vipande vya sponji, halafu chapati iliyokunjwa na kukatwa, halafu mkate. Kucha zikatwe fupi na mikono ioshwe vizuri, hasa kama anasukuma magurudumu kwa viganja.

Onyo ambalo ningependa libandikwe ukutani. Ndugu wenye mapenzi humkanda mgonjwa kwa mafuta kila jioni, wakivuta kifundo nyuma na kunyoosha vidole vyote viwe bapa kwa wakati mmoja. Baada ya miezi kadhaa kano zinarefuka, na ile nguvu ya kukamata inapotea. Mkono unakuwa laini, unapendeza kuutazama, na haushiki kitu. Unapomfanyia mazoezi, fuata kanuni hii: vidole vikinyooshwa, kifundo kilegee kuelekea chini, kifundo kikiinuliwa, vidole viachwe vijikunje. Visiwe vyote viwili kwa pamoja. Vilevile asijiinue kitandani kwa kuegemea kiganja kilichofunguka. Vidole viwe vimekunjwa ngumi.

## Hatua ya 10: Kunywa

Chai na uji ndivyo vinavyounguza watu wengi, kwa sababu kikombe cha moto kikitua pajani mtu hajui. Usimwekee kinywaji cha moto mapajani kamwe, hata kama kikombe kina kifuniko.

Mwenye kifundo kinachoinuka ataingiza vidole vinne ndani ya sikio kubwa la kikombe na kuinua, mkono wa pili ukishikilia chini. Kijazwe nusu tu. Asiyeweza atumie mrija mrefu, kikombe kikiwa kimetulia mezani, mrija ukibanwa ukingoni kwa kibanio cha nguo usizunguke. Kinachopita kwenye mrija kiwe vuguvugu, kwa sababu mrija hupeleka moto moja kwa moja kooni.

Maji ya kunywa yafuate ratiba aliyopewa hospitalini, hasa kama anatoa mkojo kwa mpira kwa saa maalum.

## Dalili za kusimamisha kila kitu

Kwa aliyeumia uti wa mgongo shingoni au sehemu ya juu ya kifua, kitu chochote kinachobana kinaweza kupandisha presha ghafla. Akipata kichwa kinachogonga, jasho usoni, uso kuiva au vinyweleo kusimama, acheni kula. Abaki wima, fungua mkanda wa kifuani, banzi na mkanda wa kiganja, kisha angalia mpira wa mkojo kama umekunjika au kibofu kimejaa. Dalili zisipotulia ndani ya dakika chache, hospitali. Usimlaze.

## Inapokwama

*Kijiko kinafika lakini tupu.* Sahani iko mbali au haina kuta. Isogeze karibu na kifua.

*Mkono unatetemeka na kuruka.* Misuli inakaza. Mpe muda baada ya kuhamishwa kutoka kitandani, na mwelemeze mkono mzima mezani kabla ya kuanza. Ikizidi siku hadi siku, tafuta sababu: kidonda, maambukizi ya mkojo, haja kubwa iliyokwama.

*Bega linauma baada ya mlo.* Donge la kiwiko ni fupi, au meza iko chini.

*Mkanda unanuka.* Uwe na miwili. Ule wa ukanda wa begi hufuliwa kwa sabuni kila siku. Wa ngozi hufutwa kwa kitambaa chenye sabuni na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua huukakamaza. Mkanda usivaliwe ukiwa na unyevu.

## Mkono usioinuka kabisa

Kama hakufaulu jaribio la kwanza la kiwiko, mkanda peke yake hautatosha. Kuna vifaa vinavyobeba uzito wa mkono mzima, vinavyofungwa kwenye kiti, ili nguvu ndogo iliyobaki itoshe kuusogeza. Nchi za nje zipo pia mashine za kulisha kama Obi na Neater Eater, ambazo mlaji huamua mwenyewe ale nini na lini kwa kubonyeza kitufe. Usijaribu kutengeneza kibeba mkono nyumbani bila mtaalamu. Bega lililopooza linachomoka kwa urahisi.

Mtu wa kumtafuta ni mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist). Kwa Tanzania, ulizia taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na mabanzi. Kwa Kenya, ipo hospitali ya rufaa ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi. Nenda na lile daftari la vipimo, mkanda ulioshona na kijiko ulichopinda. Mtaalamu akiviona vikiwa mkononi, na mlaji akila mbele yake, atarekebisha kwa dakika chache kile ambacho maelezo ya mdomo yasingemwonyesha.